Ombi la Kumpunguzia Mke Wangu Alama

Kwa Mwalimu wa Fasihi, Mwaka wa Kwanza,
Chumba kilicho mwisho wa ngazi za nyuma, mlango wa kijani.

Nakala: Mkuu wa Chuo (yake bado ninayo mfukoni, kuipeleka au kutoipeleka kutategemea jibu lako).

Mwalimu mpendwa,

KUHUSU: ALAMA KUMI NA SABA KWA ISHIRINI ALIZOPEWA MKE WANGU KWA KUNIITA BAPA

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya njema, na kalamu yako nyekundu ukiwa umeiweka chini. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mwenyezi Mungu, ila moyo wangu haujatulia, na ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nijitambulishe kwanza, maana nahisi unanijua upande mmoja tu. Mimi ni mwoka mikate. Tanuri langu liko nyuma ya soko, kati ya fundi viatu na duka la vifaa vya umeme. Shule niliishia ya msingi, lakini kusoma najua, na maandiko matakatifu nimeyamaliza mara tatu bila kuruka yale majina marefu. Mke wangu ni mwanafunzi wako, yule wa makamo wa safu ya mbele, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na mkoba unaonukia mkate. Anafundisha watoto wadogo wa shule ya awali, na mkuu wake alimwambia hawezi kuthibitishwa kazini bila cheti. Binti yetu wa mwisho alipoolewa, mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mke wangu, nenda mwenzangu, kasome, nyumba nitaiangalia. Nalisema hili mapema usije ukadhani unaandikiwa na mwanamume anayeogopa mwanamke mwenye kitabu. Kitabu sikiogopi. Ninachokilalamikia ni matumizi yake ndani ya nyumba yangu.

Malalamiko yangu ni saba. Nimeyapanga kwa namba kama mnavyopenda huko kwenu.

1. La kwanza linahusu neno lenu moja. Wiki ya kwanza ya masomo nilimkuta mke wangu kwenye meza ya jikoni, ameshika kichwa kwa mikono miwili, anasema peke yake kwamba ametafuta mwanzo mpaka mwisho na dhamira haionekani. Mimi nilikuwa kwenye beseni nanawa unga, maji yanatiririka, nikasikia hamira. Kwa mtu wa kazi yangu, Mwalimu, hilo si neno la kusikia ukanyamaza. Nikamuuliza ni mkate gani. Akasema si mkate, ni hadithi. Nikamuuliza hadithi inahitaji hamira ya nini. Akajibu bila kuinua macho kwamba mwalimu amesema hadithi isiyo nayo haisimami, ni maneno tu yaliyolala. Nikaona mwalimu huyu ni mtu wa maana sana, kwa sababu ndivyo ilivyo: pasipo hamira, unga umelala tu, hata ukande mpaka mabega yalegee.

Kesho yake nilichukua kopo zima la hamira, ile ninayoitumia mwenyewe, nikalifunga kwenye gazeti, nikaandika juu yake "Kwa ajili ya hadithi", nikaliacha kwa bawabu wenu likufikie. Mke wangu alirudi jioni akicheka mpaka ule uzi wa miwani ukakatika. Ndipo nikaelezwa tofauti. Sasa nauliza. Dhamira ninayoijua mimi ni ile inayomsuta mtu usiku akiwa amemdhulumu jirani; ndiyo tunayohubiriwa kwenye ibada. Kumbe ninyi mna ya kwenu, ya mwandishi, ambayo yeye mwenyewe ameificha ndani ya kitabu na watu wazima wanaumwa kichwa kuitafuta. Kama alitaka ijulikane, kwa nini hakuiandika kwenye jalada? Mimi mkate wa nafaka nauandika "nafaka".

Kopo sijarudishiwa.

2. Mke wangu amekuwa hawezi tena kuona maandishi akayaacha yalivyo. Siku moja niliacha kikaratasi mezani: "Nimekwenda kwa fundi wa tanuri. Chakula nimekipika, kimo kwenye sufuria. Nitarudi saa kumi na moja." Niliporudi nilikikuta kikaratasi pale pale, kimejaa wino mwekundu. Chini ya "Nimekwenda" ameandika: Nani? Msimulizi hajajitambulisha. Chini ya "kimo kwenye sufuria" ameandika: Msimulizi asiyeaminika.

Niliumia. Miaka ishirini na minne ya ndoa, halafu naitwa hivyo, tena kwa wino. Ni kweli kwamba sufuria ilikuwa tupu. Lakini nilipoandika haikuwa tupu. Niliandika kwanza, nikala baadaye, na kati ya kuandika na kula ndipo shetani alipopita. Hayo ni mambo ya mume na sufuria. Fasihi inaingiaje hapo?

Na si vikaratasi peke yake. Asubuhi moja nilimwekea mkate mezani, akautazama kwa muda, akaniuliza mkate huu unaashiria nini. Nikamwambia unaashiria kwamba kumekucha.

3. Umewafundisha kwamba kila hoja iwe na ushahidi wake. Sawa, darasani. Zamani nilikuwa naweza kusema kama waume wote wanavyosema, kwamba wewe siku zote hunisikilizi, na mambo yakaishia hapo. Sasa nikisema hivyo naulizwa siku zote ni lini, toa mifano mitatu. Natoa mmoja, tena wa mwaka ule wa mvua nyingi. Yeye anafungua daftari. Ndiyo, Mwalimu, ana daftari. Maneno yangu yamo humo na tarehe zake, yametiwa alama za kunukuu. Jumanne tulibishana ni nani aliyeacha bomba wazi, akanisomea kauli zangu mbili, moja inaikana nyingine, kisha akafunga daftari taratibu na kuanza kumenya viazi.

Ili nisimdhulumu, niseme kuna faida moja imepatikana. Dada yangu mkubwa alikuja Jumapili kama kawaida yake, akavua viatu, akanyoosha miguu, akaanza na lile neno lake la kila wiki, kwamba wifi yangu, watu wanasema. Mke wangu akamuuliza kwa upole kabisa, watu gani, wifi? Dada akasema, si watu tu. Mke wangu akamuuliza kama amesikia mwenyewe au amesimuliwa, na kama amesimuliwa, msimulizi ana maslahi gani. Dada yangu aliacha chai nusu kikombe akakumbuka ana mgeni. Hii ni wiki ya tano hajarudi. Hili sililalamikii. Naliandika tu kwa sababu ukitoa ushahidi utoe wote.

4. (Hili nimelifuta baada ya kuliombea.)

5. Ugomvi wetu mmeuharibu. Tulikuwa tunagombana kama watu: mmoja anaanza, mwingine anadakia, sauti inapanda, jirani anapunguza redio ili asikie vizuri, na baada ya dakika kumi mtu anacheka. Sasa kuna utangulizi. Mke wangu anasimama karibu na kabati la vyombo, anasafisha koo, anasema leo atajadili mambo matatu kuhusu taulo lililojaa unga. Anaingia jambo la kwanza. Anaingia la pili. Mimi ni mtu wa kuamka kabla ya alfajiri, Mwalimu, akifika katikati macho yameshakuwa mazito. Nikizinduka yuko kwenye hitimisho, na ndani ya hitimisho nimeshashindwa. Nilijaribu kumjibu siku moja, nikasema yote yaliyokuwa kifuani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia hoja zangu zina nguvu, ila hazina mtiririko.

6. La sita ni kile kitabu cha mjane anayekataa kuhama nyumba yake wakati barabara inapita. Nilikichukua kwenye mkoba wa mke wangu kwa nia ya kukagua ni nini hasa kinachompotosha. Nilianza ukurasa wa kwanza nikiwa nasubiri mikate iive. Makosa yangu yakaanzia hapo. Nilikificha nyuma ya magunia ya unga, nikawa nasoma kurasa kumi kila asubuhi, na nikisikia hatua za mtu nakifunika kwa aproni. Mke wangu akakitafuta nyumba nzima siku tatu. Nilimsaidia kukitafuta. Asubuhi ile shemeji zake mjane walipokuja na karatasi za kumtaka aweke kidole, mikate mia na ishirini iliungua. Wateja walipouliza niliwaambia ni aina mpya, na jambo hilo nimeshalitubu.

Kisha nikafika mwisho, nikakuta hakuna mwisho. Mjane amesimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye kitasa, nje wanabisha, na kitabu kimekwisha. Nikageuza ukurasa, nikakuta jina la mpiga chapa. Nilidhani kuna karatasi imechanwa. Nikamuuliza mke wangu kwa kuzunguka, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, hivi hadithi inaweza kwisha mtu akiwa ameshika kitasa? Akasema huo ni mwisho wazi, msomaji anajimalizia mwenyewe. Mwalimu, mimi siwezi kumpa mteja donge la unga nikamwambia akajiokee kwake.

Ndiyo sababu nililazimika kupita chuoni siku ulizokuwa ukikifundisha. Nilipita kwa bahati. Nilipita kwa bahati mara nne. Nilisimama nje ya lile dirisha lenye kioo kilichopasuka, na nikamsikia mwanafunzi mwenye sauti nzito akisema mjane hakufungua. Ilibaki kidogo tu niingie. Alifungua. Rudini ukurasa wa kabla ya mwisho: aliweka maji jikoni, na maji yenyewe yalikuwa ya vikombe viwili. Mtu asiyekusudia kufungua mlango hachemshi maji ya vikombe viwili. Sijui kwa nini darasa zima la watu waliosoma hamkuliona hilo.

7. Sasa lenyewe.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa namtilia mke wangu mkate kwenye mkoba wake, maana siku za darasa anasahau kula, nikaona karatasi imekunjwa. Kichwa chake: "Mtu wa Karibu Nami kama Mhusika". Nikasema huyu wa karibu atakuwa nani kama si mimi, nikaketi juu ya gunia kwa furaha. Sentensi ya kwanza iliandikwa hivi: "Mume wangu ni mhusika bapa." Na pembeni, kwa mwandiko wako: "Safi sana. Mfano hai."

Mwalimu, nilikuwa hai kweli. Alipokuwa akiandika nilikuwa chumba cha pili.

Kwa mwoka mikate, bapa ni mkate uliokataa kuumuka. Unautoa kwenye tanuri umelala kama soli ya kiatu, hata mbwa anaunusa na kuendelea na safari. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati nikajitazama kwa mbele na kwa ubavu. Hasa kwa ubavu. Siwezi kuitwa bapa. Fundi nguo wangu anaweza kuja kutoa ushahidi, amenilegezea kiuno mara mbili mwaka huu.

Nikamwendea mke wangu na karatasi mkononi. Hakukasirika kwamba nimesoma. Alinitazama kama anavyowatazama wale watoto wake wa awali wanapovaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Akanieleza kwamba bapa si umbo la mwili. Ni mhusika asiyebadilika. Ukimjua ukurasa wa kwanza umemjua mpaka wa mwisho. Mwenzake anaitwa duara, huyo anakua, anageuka, anakushangaza. Nikamuuliza ndani ya nyumba hii duara ni nani. Akasema, labda paka, maana huwezi kujua leo atalala wapi.

Ushahidi aliotoa kwenye insha yake ninao kichwani. Kwamba nina kofia moja ya kazini tangu tulipooana. Kwamba nikikanda naimba wimbo mmoja wa ibada, tena beti mbili tu. Kwamba kiti changu ni kile cha karibu na dirisha na mgeni akikikalia nazunguka zunguka kama kuku. Kwamba kila mgeni namsimulia kisa cha siku niliyotia chumvi mara mbili, na nacheka mahali pale pale. Kwamba akiniuliza nimeshindaje, kwa miaka ishirini na minne nimejibu "Namshukuru Mungu", na hajawahi kujua kama siku hiyo nilishinda vizuri au vibaya.

Hakuna la uongo hapo. Lakini tangu lini kutobadilika kukawa dosari? Mwoka mikate anayebadilika ni hatari kwa mtaa: leo chumvi, kesho sukari, keshokutwa amelala. Katika sala tunaomba kila siku tupewe uthabiti. Nilikwenda hata kwa kiongozi wetu wa ibada nikamuuliza, naye akasema uthabiti ni neema kubwa. Nikamuuliza yeye angependa mkewe aandike kwamba ni bapa. Akaniuliza habari za paa la jengo la ibada.

Na insha hiyo haikubaki kwenye karatasi. Ulimwambia aisome mbele ya darasa. Katika darasa hilo kuna muuguzi wa zahanati ambaye ni mteja wangu wa siku zote. Asubuhi iliyofuata alikuja akasema anataka mikate miwili, ila si ile bapa, na akacheka mpaka akaegemea meza. Fundi viatu alikuwa amesimama pale. Sasa mtaa mzima ninaitwa Bapa. Wanasema habari za asubuhi Bapa, umeamkaje Bapa. Na mimi, kwa bahati mbaya, nawajibu namshukuru Mungu.

Hayo ya mtaani nayavumilia. Lisilovumilika ni la Ijumaa. Nimesikia mke wangu akimweleza binti yetu kwa simu kwamba insha ya mwisho ni Ijumaa hii, na swali lenyewe ni kama mhusika bapa anaweza kubadilika. Bila alama kumi na tano haendi mwaka wa pili, na bila mwaka wa pili hakuna cheti. Akasema ameshaandika, na ameendelea na mfano ule ule. Binti akamuuliza jibu ni nini. Nilikuwa nyuma ya pazia na bakuli mkononi, nikamsikia akisema, "Nimeandika kwamba hawezi, mwanangu. Sina ushahidi wa kinyume."

Alisema bila hasira. Kama angesema kwa hasira ningejua la kufanya.

Wewe, Mwalimu, umri wako ni kama wa binti yangu mkubwa, kwa hiyo nikueleze kama ninavyoweza kumweleza yeye. Nimemwona mke wangu akimaliza kitabu. Anakifunga, anakipapasa jalada kidogo, anakiweka rafuni, halafu hakigusi tena, kwa sababu ameshajua yote yaliyomo. Anakuwa na uso mwepesi sana anaposoma, uso aliokuwa nao nilipomposa. Uso huo anaupeleka kwenye vitabu ambavyo hajui vitaishaje. Mimi anajua nitaishaje, ameandika, na wewe umempa kumi na saba.

Kwa hiyo naomba kwa heshima zote mambo yafuatayo.

Kwanza, zile alama kumi na saba zipunguzwe ziwe tisa. Kama hilo ni gumu kiofisi, ziwe kumi na mbili, lakini paandikwe pembeni kwamba mhusika hakuhojiwa.

Pili, neno "bapa" lifutwe kwenye masomo yote ya mwaka wa kwanza na badala yake litumike neno "thabiti".

Tatu, swali la Ijumaa libadilishwe. Waulizwe kuhusu paka.

Nne, mwandishi wa kitabu cha mjane aitwe chuoni aseme mbele ya watu kwamba mlango ulifunguliwa.

Tano, nipewe hati yenye muhuri wa chuo inayothibitisha kwamba mimi ni duara, niitundike ukutani kazini karibu na ile ya afya. Sihitaji iwe kubwa. Iwe tu inasomeka kutoka pale anaposimama fundi viatu.

Nisipopata jibu kabla ya Alhamisi nitapeleka ile nakala kwa Mkuu wa Chuo, na asiponisikiliza nitaacha kuoka siku tatu, na hapo ndipo mtaa utakapojua tofauti ya mtu bapa na mtu asiyekuwepo.

Nisalimie bawabu, mwambie gazeti nililofungia kopo lilikuwa na habari niliyokuwa sijaimaliza. Msalimie muuguzi, mkate wake upo, wala simwekei kinyongo. Msalimie yule mwanafunzi mwenye sauti nzito (mwambie vikombe viwili), na wenzako wote wanaotumia wino mwekundu. Mwenyezi Mungu akupe wepesi katika kusahihisha.

Ni mimi, mwenye unga mikononi na madai yangu kamili,

Mwoka mikate,
mume halali wa mwanafunzi wako wa safu ya mbele.

Baada ya kusaini: Mwalimu, barua hii nilimpa mke wangu anirekebishie herufi, kwa sababu msomi ndani ya nyumba ni yeye, na niliona aibu kukuletea makosa. Alikaa nayo mezani muda mrefu. Imenirudia ikiwa nyekundu kuliko kikaratasi cha fundi wa tanuri.

Kwenye lalamiko la pili amepigia mstari "chakula nimekipika" na kuandika: Lini alianza kupika? Nilikuwa sijafikiria. Nimeanza muhula huu, mtu hawezi kukaa na njaa akisubiri darasa liishe. Kwenye la sita ameandika: Kumbe! Siku tatu nilitafuta! Na chini yake, kwa herufi ndogo: amesoma kitabu kizima. Palipoandikwa "mara nne" ameweka alama ya kuuliza, akaizungushia duara, na hilo neno duara naliandika bila kusudi lolote. Pale pa nyuma ya pazia hakuandika kitu. Wino umechuruzika kidogo tu.

Mwisho wa barua amenipa kumi na nne. Amesema kuna mtiririko safari hii, ila amekata alama kwa sababu msimulizi haaminiki, na tena kwa sababu ya lile la nne. Ameandika: Hoja iliyofutwa ndiyo dhamira. Iko wapi?

Ikabidi nimwambie, na nawe nakwambia ili ushahidi ukamilike. La nne lilikuwa hivi. Siku za darasa, ikifika saa kumi jioni, nyumba inanyamaza, hata paka anatoka. Naweka maji jikoni ya vikombe viwili kwa mazoea. Kimoja nakunywa. Kingine kinapoa pale kwenye meza, nami nakitazama kikipoa. Nililifuta kwa sababu ni mimi niliyemwambia aende, na sikutaka asome akaacha kwenda.

Mwalimu, alichukua insha yake ya Ijumaa akaichana vipande vinne. Sasa hivi yuko mezani anaandika nyingine, na nimechungulia, jibu limegeuka. Barua yangu hii ndiyo ushahidi wake, utaikuta imebanwa nyuma na pini, kwa hiyo tafadhali usiipoteze, na yale maombi yangu matano uyafute yote isipokuwa la mwandishi. Ile nakala ya Mkuu wa Chuo nimewashia tanuri. Hamira kaa nayo.

Nimemwekea chai. Imepoa tena, lakini leo imepoa akiwa hapa hapa, ameinamia karatasi, hajui hata kama ipo. Usimpe chini ya kumi na nane.